Skeli na geji kwenye treni za modeli ni vitu viwili tofauti

Ukisikia kichwa kipya cha treni ya modeli kimetoka kwa HO, OO au N, hiyo ni skeli, yaani treni halisi imepunguzwa mara ngapi. HO ni 1 kwa 87, OO ya Uingereza ni 1 kwa 76, N ni 1 kwa 160. Sa kichwa cha mita 20 kwenye HO kinakua sentimita 23 hivi, kwenye N sentimita 12 na nusu, unakitia mfukoni unaondoka nacho.

Geji ni upana wa njia, unapima kati ya reli na reli kwa ndani. TAZARA inayopita hapa kwetu Mbeya ni milimita 1067, geji ile ile ya Zambia na kusini mwa Afrika, Wachina walipoijenga 1970 mpaka 1975 ilibidi iungane na huko. Reli ya kati ya zamani ni 1000, SGR ni 1435. TAZARA na reli ya kati ya zamani zinapishana milimita 67 tu, na bado pale Kidatu zinapokutana mzigo inabidi uhamishwe kutoka behewa hadi behewa.

Utamu unaanza ukitaka kichwa cha TAZARA mezani. Reli za HO za dukani zina milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata 1435, SGR kabisa! Kwahiyo bodi inaweza kua sahihi mpaka taa na ngazi, ila chini umeipandisha TAZARA kwenye SGR, na ukiiangalia kwa mbele inaonekana imetanua miguu. Inayotakiwa ni kama milimita 12, ambazo zipo kwenye skeli ya TT ya 1 kwa 120, ila mataruma yake yatakua madogo na yamebanana.

New Zealand nao wana 1067, na wapo wanaobaki na reli zile zile za 16.5 alafu wanakuza treni mpaka 1 kwa 64. Piga hesabu inakuja 1056, nani ataona. Mi ningeenda na hiyo, japo kichwa kinafika sentimita 31 na meza lazima iwe ndefu. Wajapani wao hawajisumbui, treni zao za 1067 kwenye N wanazitoa kwa 1 kwa 150 juu ya reli za milimita 9, njia inakua pana kuliko ya kweli na maisha yanaendelea, ila Shinkansen, treni yao ya mwendo kasi, ambayo ni 1435 wanaipa 1 kwa 160.

Kwenye kona ndo kila mtu anadanganya. Kona ndogo ya HO ina rediasi ya sentimita 36, ikuze uone, ni mita 31, kichwa halisi ukikipitisha hapo kati ya Mlimba na Makambako kitalala porini. Ukitaka kona ya mita 200 kwa HO, duara lake lina kipenyo cha mita 4.6, hapo makochi yote yatoke sebuleni na mama watoto akubali.