Nesi wa shule sio wa Panadol tu: dhana potofu kuhusu moyo na mazoezi kwa wanafunzi

Mimi ni nesi shule ya bweni, na asubuhi ya mchakamchaka mlangoni kwangu kunakuwa na foleni kuliko siku ya mtihani. Kila mtu anataka ED, yaani ruhusa ya mgonjwa, ya kukaa bwenini. Ukiwasikiliza wanavyojitetea unagundua mengi wameyabeba kutoka nyumbani.

"Niko period, sitakiwi kukimbia"

Hii ndo namba moja. Ukweli ni kwamba mazoezi hayaharibu kizazi wala hayaongezi ugonjwa, na wengi tumbo linapungua kuuma wakijongea kidogo. Anayeumwa sana apumzike, simlazimishi mtu, ila ukichunguza vizuri unakuta shida sio tumbo, ni pedi hana au anaogopa kuchafua sketi mbele ya wavulana. Sasa hapo dawa ni pedi na bukta nyeusi, sio ED. Shirika la Afya Duniani wanataka umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na takwimu za mwaka 2016 zilionyesha wasichana 85 kati ya 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawazifikishi. Wavulana 78, kwahiyo na nyie msicheke.

"Dakika 60 nazitoa wapi na tyusheni hizi?"

Sio lazima mfululizo jamani. Mchakamchaka dakika 20, rede au kuruka kamba mapumziko, kutembea haraka haraka kwenda shule kwa wale wa kutwa, jioni netiboli, zinajumlishwa tu. Muhimu kuwe na muda unahema na jasho linatoka. Ila na sisi walimu na manesi tuna makosa, mtoto akichelewa anaambiwa zunguka uwanja mara kumi, halafu tunashangaa akimaliza form four hataki kusikia habari za kukimbia!

"Moyo ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi"

Mafuta kwenye kuta za mishipa yanaanza kujijenga tangu ujana, kimya kimya, hata kwa mwembamba anayeshindia chipsi na soda na sigara za kujificha chooni. Lakini huku kwetu kuna kingine ambacho wazazi wengi hawakijui kabisa: koo. Ndio, koo. Kuna bakteria wa mafindofindo ambao mtoto asipotibiwa vizuri kinga yake ya mwili inaweza kugeuka ikaanza kushambulia valvu za moyo, ndo inaitwa homa ya rumatiki (rheumatic fever), na wanaoipata zaidi ni wa miaka 5 hadi 15, yaani hawa hawa tulionao madarasani. Sio kila koo linalouma ni hao bakteria, mengi ni virusi, ndo maana nataka nilione kwanza, sio unasukutua maji ya chumvi wiki nzima kimya. Na ukipewa antibayotiki maliza dozi, usimgawie rafiki yako vidonge viwili eti na yeye koo linawasha.

"Ana pumu, asicheze kabisa"

Acheze. Pumu ikiwa imedhibitiwa na inhela iko karibu, anapasha mwili taratibu kisha anaingia uwanjani. Nenda kaangalie wanariadha wangapi wa Olimpiki wana pumu.

"Kaanguka akikimbia, ni mashetani"

Hapa ndo huwa nagombana na watu. Mtoto akizimia katikati ya mbio, au kifua kinambana akikimbia, au moyo unaenda mbio bila mpangilio, na hasa kama kwenye ukoo kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana, huyo asirudi uwanjani mpaka apimwe umeme wa moyo, na ikibidi ultrasaundi ya moyo, ECHO. Kuombewa aombewe, sikatai, ila akiwa njiani kwenda hospitali.