Jaribio linaposhindwa, litueleze kilichotokea

Ofisini kwetu hapa Mombasa tunatunza mfumo unaopokea taarifa za makontena kutoka kwa mawakala wa forodha, na majaribio ya API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huzungumzia na mfumo huo, hujiendesha kila msimbo unapobadilishwa. Mwezi uliopita jaribio moja lilishindwa, likatuachia maneno haya tu: ilitarajiwa 201 (hali ya kitu kuundwa), imepatikana 422 (hali ya data kukataliwa). Mimi na mwenzangu tulihangaika nalo tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, ilhali seva ilikuwa imeshalieleza kosa waziwazi ndani ya mwili wa jibu, ambao jaribio letu halikuuonyesha. Kiwango cha ISO 6346 hutaka namba ya kontena iwe na herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu 1 ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na hizo 10 za mwanzo. Nasi katika data ya jaribio tuliandika CSQU3054384 badala ya CSQU3054383.

Tangu siku hiyo ninaandika vilinganishi vyangu mwenyewe, yaani sehemu za jaribio zinazolinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana. Katika Jest, zana ya kuandikia majaribio ya JavaScript, expect.extend hupokea kitendakazi (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) kinachorejesha vitu viwili: pass, yaani kweli au si kweli, na message, ambayo nayo ni kitendakazi cha kutunga maelezo. Kwa kuwa message huitwa pale tu jaribio linaposhindwa, hakuna haja ya kuifanyia ubahili. Kilinganishi nilichokiita kuwaNaHali hutaja ombi lenyewe, hali mbili zinazopingana, na mwili wa jibu, hivyo kosa lile lingesomeka leo: «POST /makontena: ilitarajiwa 201, imepatikana 422, tarakimu ya uhakiki ni 4, ilipaswa kuwa 3.»

Ukanushaji ndio unaosahaulika zaidi. Anayetumia .not, yaani kudai kuwa jambo lisiwe kweli, huona jaribio likishindwa wakati pass ni kweli, kwa hiyo ujumbe wa upande huo lazima uandikwe kivyake, la sivyo utamwambia msomaji kinyume cha yaliyotokea. RSpec, zana ya majaribio ya lugha ya Ruby, imeutengea mahali pake, failure_message_when_negated, na naona huo ni mpango mzuri.

Kwa mwili mrefu, mimi huukata baada ya herufi 2000. Kichwa cha Authorization, sehemu ya ombi inayobeba tokeni (ufunguo wa kuingilia mfumo), sikichapishi kamwe, maana kumbukumbu za majaribio husomwa na watu wengi, na tokeni ikishaonekana humo haina budi kubadilishwa.