Thistlegorm: yanayosemwa juu ya meli hii na yaliyo kweli

Wanaozamia SS Thistlegorm, meli iliyozama huko Sha'ab Ali, Bahari ya Shamu upande wa Misri, hufika wakiwa wamejaa hadithi. Nyingi zinapotosha, na moja inaiumiza meli yenyewe.

Kwanza, haikuwa manowari. Ilikuwa meli ya mizigo ya Uingereza, iliyoundwa Sunderland mwaka 1940 na kufungwa silaha za kujihami. Bahari ya Mediterania ilikuwa ya hatari, kwa hiyo iliizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema ikiwapelekea vifaa wanajeshi walioko Afrika Kaskazini. Ilitia nanga ikisubiri zamu ya kupita Mfereji wa Suez. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1941 ndege za Ujerumani aina ya Heinkel He 111 zikaipiga mabomu upande wa tezi, yaani nyuma, na silaha zilizokuwa ndani zikalipuka. Watu 9 walikufa: mabaharia 4 na wapiga mizinga 5. Anayeingia humo akumbuke hilo.

Vifaru navyo havimo. Vinavyoitwa hivyo ni magari mepesi ya deraya yaendayo kwa minyororo. Pikipiki za BSA, malori ya Bedford na mabuti ya mpira ni kweli vipo. Vichwa viwili vya treni vya mvuke vilikuwa sitahani. Mlipuko ukavirusha, vikatua mchangani kando ya meli.

Kusema wazamiaji hubeba "mitungi ya oksijeni" ni kosa la hatari. Kwenye kina cha mita 30, ambako meli imekalia, oksijeni tupu huweza kumtia mtu degedege na akazama. Mtungini mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Wengi hapa huchagua nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, maana nitrojeni ikipungua muda wa kukaa chini huongezeka. Kwa hewa ya kawaida, jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linatoa dakika 20 tu kwenye kina hicho.

Papa? Wasikushughulishe. Ogopa mkondo, na ogopa kuingia vyumba vya ndani bila mafunzo: pezi likitibua tope, mlango huuoni tena.

Dhana inayoniuma ni ile ya kwamba chuma kimestahimili miaka yote hiyo, basi hakidhuriki. Viputo tunavyotoa hunasa chini ya dari, na mahali hewa inapokutana na maji ya chumvi kutu hula chuma kwa kasi. Boti zilizokuwa zikijifunga moja kwa moja kwenye meli ziling'oa vipande vyake. Mwaka 2007 HEPCA, shirika la uhifadhi wa mazingira la Misri, liliweka maboya ya kufungia boti na kutoboa matundu ili hewa iliyonasa itoke. Wala shehena haiko kama ilivyozama. Timu ya Jacques Cousteau, mzamiaji na mtengeneza filamu wa Ufaransa, ilipandisha pikipiki na kengele ya meli miaka ya 1950, na baadaye wazamiaji wakachomoa walichoweza kubeba, hata usukani wa lori. Kilichong'olewa hakirudi, na anayekuja kesho atakuta pengo.