Stori za dola tunazodanganyana Kariakoo

Mwezi wa tisa 2024 jirani yangu pale Kariakoo, mzee mmoja anauza betri za magari, alikusanya mauzo yake yote akanunua dola 3,000 kwa shilingi 2,730 kila moja, akazitia kwenye bahasha ya kaki akaificha ndani ya boksi la betri mbovu ambalo hata mwizi angelipita. Nikamuuliza mzee vipi tena, akanijibu mdogo wangu, dola haijawahi kushuka. Desemba ikafika, dola ikawa inachezea 2,400 na yeye ana mzigo wa kulipia ushuru, hana ujanja, akaenda kuuza. Piga hesabu mwenyewe, laki tisa na tisini zimeyeyuka ndani ya miezi mitatu na hakuna aliyemwibia.

Mzee hakuwa mjinga na hakuwa peke yake, mtaa mzima tulikuwa tunaimba hivyo hivyo. Kwahiyo naweka hapa hizi stori za dola na uchumi wa dunia tunazopeana kila siku, na pale ambapo ukweli unapita pembeni yake.

"Dola haijawahi kushuka"

Kwa miaka mingi ni kweli shilingi imekuwa ikipoteza, katikati ya miaka ya 90 dola ilikuwa chini ya 600 na leo tunaongelea elfu mbili na ushee. Ila safari ya miaka 30 na safari ya miezi mitatu sio kitu kimoja. Dola hapa mjini ina bei kama nyanya, inategemea wiki hii nani kaleta na nani anatafuta. Katikati ya mwaka watalii wanajaa Zanzibar na Serengeti, kuanzia Oktoba minada ya korosho inaanza kusini na wanunuzi wanatoka nje na dola zao, na dhahabu ndo usiseme, inauzwa mwaka mzima. Hizo dola zikikutana sokoni mwisho wa mwaka bei inalegea. Alafu korosho zikiisha, watalii wakapungua, sisi wa makontena tunazidi kuagiza, bei inapanda tena, na ndivyo ilivyokuwa, kwenye mwezi wa nne na wa tano 2025 ikawa imerudi kwenye 2,700 huko. Mzee kanunua nyanya wakati wa kiangazi akaenda kuziuza siku ya mavuno, basi.

"Sarafu yenye namba ndogo ndo ya nchi tajiri"

Hii ndo naisikia kuliko zote. Mwaka 2025 Mkenya dola yake ilikuwa kama 129, sisi elfu mbili mia nne na ushee, Mganda kama elfu tatu na mia sita, basi Mkenya katuzidi kama mara 20 na sisi tumemzidi Mganda. Ukiifuata hiyo hesabu basi shilingi ya Kenya inaizidi yeni ya Japani, maana dola moja mwaka huo ilikuwa kama yeni 150, na won ya Korea Kusini na faranga ya Rwanda zinakwenda bega kwa bega maana zote zilikuwa zinacheza kwenye 1,400 na kitu. Sasa hapo hata mwenye kuamini anaanza kujikuna. Na wale wenye ndugu Muscat wanajua rial moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu, bei wameifunga hivyo tangu 1986, lakini hakuna anayesema uchumi wa Oman unaizidi Marekani mara mbili na nusu.

Namba yenyewe ni pale tu nchi ilipoanzia kuhesabu na mara ngapi imekata sifuri. Uturuki ilikata sifuri sita 2005, Zambia ikakata tatu 2013, aliyelala na kwacha milioni akaamka na elfu moja na mkate ukabaki ule ule. Uganda nao walikata sifuri mbili 1987.

Ila hapa kuna kitu watu wanakiruka. Kenya, Uganda na Tanzania zilianza sawa kabisa. 1966 kila nchi ilipotoa shilingi yake zote tatu zilikuwa 7.14 kwa dola moja. Kwahiyo ile 129 ya Kenya na hii yetu na ile ya Uganda (ambayo ukirudisha sifuri mbili zilizokatwa inakuwa laki tatu na zaidi) zinakuonyesha nchi ipi ilipitia mfumuko mkali zaidi humo njiani, vita, vijiji vya ujamaa, foleni za sukari, Idi Amin, yote yamo. Namba peke yake haikwambii nani tajiri leo, ila inakwambia nani aliumia jana.

"Dola ikipanda ni serikali yetu imekula hela"

Wakati mwingine ndio, sibishi. Ila 2022 na 2023 tulilaumiana wenyewe kwa wenyewe kumbe kisa kilikuwa Washington. Marekani mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, benki kuu yao, wenyewe wanaiita Fed, ikaanza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri Machi 2022 mpaka kati ya 5.25 na 5.5 Julai 2023. Sasa jiweke kwenye viatu vya tajiri mwenye hela zake, ukiweza kupata asilimia tano kwa kuikopesha serikali ya Marekani ukalala usingizi, utapeleka hela Nairobi au Dar kutafuta nini? Hela zikarudi nyumbani, dola ikawa adimu dunia nzima. Yuro ikashuka chini ya dola moja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20, pauni ya Uingereza ikachapwa vibaya mwezi wa tisa 2022, yeni 2024 ikafika 161 ambayo haikuwahi kuonekana tangu 1986. Huko kote hawakuwa na mawaziri wetu.

Sisi huku tuliionja kivyetu. 2023 naenda benki kutafuta dola za kulipia mzigo naambiwa andika jina kaa usubiri, siku ya nne napewa nusu ya nilichoomba, nikiangalia kwenye kioo bei iliyobandikwa ni nzuri kabisa shida bei hiyo hamna anayekuuzia. Bei ya kwenye ubao na dola ya mkononi ni vitu viwili, hilo Burundi wanalijua vizuri kutuzidi, kule bei ya benki na bei ya mtaani hazisalimiani.

Alafu angalia Kenya 2024, hapo ndo utamu. Mwaka 2014 walikopa kwa hatifungani ya kimataifa, yaani karatasi ya deni inayouzwa kwa wawekezaji wa nje, ile Yurobondi, na dola bilioni 2 zilitakiwa zilipwe zote Juni 2024. Kuanzia 2023 kila mwenye akili anajiuliza watazitoa wapi, anayeogopa ananunua dola anaficha, mwenye kuuza nje anachelewesha kurudisha hela, Januari 2024 dola ikapita 160. Februari serikali ikaingia sokoni ikakopa dola bilioni 1.5 mpya, ikatumia hizo kununua sehemu kubwa ya lile deni la zamani kabla halijaiva. Wiki hiyo hiyo ikauza hatifungani ya ndani ya miundombinu yenye riba zaidi ya asilimia 18 bila kodi, wageni nao wakaleta dola wale hiyo riba. Hofu ikaisha, waliokuwa wameficha wakakimbilia kuuza wote kwa pamoja, na ndani ya wiki chache dola ikawa 135, baadae ikatulia 129.

Watu wakashangilia deni limelipwa. Limelipwa wapi! La zamani lilikuwa na riba ya 6.875, hili jipya wawekezaji waliingia wakipata zaidi ya 10. Yaani shilingi ilipata nguvu kwa sababu nchi ilikubali kukopa kwa bei ghali zaidi. Ukimwambia mtu hivyo anadhani unamtania.

"Mkataba wa petrodola umeisha, dola inakufa, BRICS wanakuja na sarafu"

Hii ilizunguka kwenye simu Juni 2024 kama moto wa makumbi, kwamba Saudi Arabia walisaini na Marekani mkataba wa miaka 50 wa kuuza mafuta kwa dola tu na tarehe 9 Juni umekwisha. Mkataba wa namna hiyo haukuwepo. Kilichosainiwa Juni 1974 ilikuwa tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi, hamna sharti la kuuza mafuta kwa dola peke yake. Mwaka huo huo kulikuwa na maelewano mengine, Saudi kuziweka hela zao za mafuta kwenye hati za deni la Marekani, na hayo yalifichwa mpaka 2016, nadhani hapo ndo uvumi ulipopata mbegu. Lakini Msaudi anapokea dola kwa sababu riyali yake ameifunga kwa dola, 3.75, tangu 1986. Akipokea kitu kingine anajitafutia kazi ya kubadilisha.

Na ile noti ya BRICS, ule umoja wa Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, aliyoshika Putin pale Kazan, Urusi, Oktoba 2024, ile ilikuwa noti ya mfano tu, ya kupigia picha. Sarafu ya BRICS haipo. India na China zenyewe zinaviziana mpakani, nani amkubalie mwenzake asimamie benki kuu moja? Sisi Afrika Mashariki tunaongea sarafu moja miaka nenda rudi na tunaelewana lugha.

Ila kutoka hapo kwenda kusema dola haitikisiki nayo ni uongo. Kwenye akiba za benki kuu za dunia dola ilikuwa zaidi ya asilimia 70 miaka ya 2000 inaanza, 2024 ilikuwa kama 58. Inapungua kweli, pole pole. Ila yuan ya China ambayo wote tunaisubiri iko kama 2 tu, na benki kuu nyingi zimekimbilia dhahabu, zaidi ya tani 1,000 kila mwaka 2022, 2023 na 2024, hata BoT, benki kuu yetu, inanunua ya wachimbaji wa hapa hapa. Nachoona mimi dukani ni hivi, natuma hela Guangzhou, mwenye kiwanda anataka yuan na agenti wangu anampa yuan, nafurahi nimekwepa dola. Alafu naangalia hesabu ya agenti, kaandika shilingi kwenda dola, dola kwenda yuan, na kachukua chake mara mbili. Soko la fedha za kigeni duniani ndo lilivyo, mwaka 2022 kwenye kila biashara 100 za kubadilisha fedha 88 zilikuwa na dola upande mmoja.

"Wanasema mfumuko umeshuka mbona bei haijashuka"

Hapa serikali inatukanwa bure. Mfumuko ni mwendo, kama spidi ya gari, bei ni umbali uliokwisha kwenda. Mchele kilo 2,000, mwaka huu umepanda asilimia 10 ukawa 2,200, mwaka unaofuata umepanda 3 tu ukawa 2,266. Mfumuko umeshuka kutoka 10 mpaka 3, na wewe umelipa zaidi. Kenya ulikuwa 9.6 Oktoba 2022 ukaja 2.7 Oktoba 2024, na hakuna mama aliyerudishiwa chenji ya unga. Ili bei zenyewe zirudi nyuma inabidi mfumuko uende chini ya sifuri, na mara nyingi hiyo inakuja na watu kufukuzwa kazi, Wajapani waliishi nayo miaka mingi na hawaikumbuki kwa furaha.

"Ushuru wa Trump analipa Mchina"

Tarehe 2 Aprili 2025 alisimama na ubao wake, Lesotho asilimia 50, sisi na Kenya 10, China ikaja kufika 145 kabla ya kupunguzwa mwezi wa tano. Nani analipa? Nenda bandarini na kontena lako uone. TRA, wale wa kodi, wananidai mimi, hawampigii simu mwenye kiwanda Guangzhou, na mimi naiweka kwenye bei ya mteja. Marekani ni hivyo hivyo, anayelipa forodhani ni Mmarekani aliyeagiza. Kweli kuna wakati muuzaji wa nje anapunguza bei ili asipoteze mteja, hapo wanagawana maumivu, lakini risiti haina jina la Beijing.

"Si wachapishe tu hela"

Waulizeni Wakongo wa umri mkubwa. Rais wao Mobutu alitoa noti ya zaire (hela ya kule enzi hizo) milioni tano, Januari 1993 wanajeshi wakalipwa nayo, wenye maduka wakaikataa, wanajeshi wakaingia mtaani kupora na balozi wa Ufaransa akapigwa risasi akafa. Mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na watu wa mkoa wa Kasai wakaigomea kabisa wakaendelea na zile kuukuu.

"Tanzania wamekataza kumiliki dola"

Hapana. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, ile ya kodi ya nyumba Masaki kwa dola na ada za shule kwa dola. Kuwa nazo au kuziweka benki hakuna kosa. Mzee wa betri alisikia nusu nusu akaja kwangu mbio anataka kujua kama lile boksi ni kesi, nikamwambia mzee kesi hamna, kwani umenunua tena? Akacheka akaangalia pembeni. Wiki iliyopita kaniuliza bei ya dhahabu.