Usimbaji kwenye ruta ya VPN: unachagua nini hasa?

Tuseme duka liko Lubumbashi, depo iko Kolwezi. Karani wa depo anataka kufungua daftari la stoki lililo kwenye kompyuta ya dukani. Ruta mbili, yaani vifaa vinavyounganisha kila upande na intaneti, zinachimba handaki (ndilo VPN) katikati ya intaneti ya watu wote, na kila kinachopita humo kinavurugwa kisisomeke na asiye na ufunguo. Kuvuruga huko ndiko kunaitwa usimbaji.

Ukifungua mipangilio ya ruta, utakutana na msitu: DES, 3DES, AES-128, AES-256, MD5, SHA-256, DH 2, DH 14. Wengi hudhani ni ngazi moja ya kupanda. Sivyo, ni kazi tatu. DES na AES huficha ujumbe. MD5 na SHA ni muhuri wa kuonyesha kama ujumbe umeguswa njiani. DH, yaani Diffie na Hellman walioitangaza njia hiyo mwaka 1976, ni namna ya ruta mbili kupatana ufunguo bila kuutuma.

DES iache kabisa. Ufunguo wake ni biti 56 tu (biti ni tarakimu ya 0 au 1), na mwaka 1998 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, lilijenga mashine iliyoupata kwa siku zisizozidi tatu. 3DES ni mzee huyohuyo akipitishwa mara tatu: mzito, na muda wake umekwisha. AES, kiwango rasmi cha Marekani tangu 2001, ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Sisi Wakongo hatusifu kila kilichotoka Ubelgiji, ila hiki nakisifu.

128 au 256? Zote mbili hazijavunjwa. AES-256 huzungusha data mara 14, AES-128 mara 10, kwa hiyo ruta ya bei ndogo inaweza kuzubaa. Ikizubaa, rudi 128 bila aibu. Kwa muhuri chukua SHA-256. Kwa DH anzia 14, yenye biti 2048. Namba 2 ina 1024 tu.

Shida huanza pale Kolwezi kukiwa na ruta ya zamani. Pande zote mbili lazima zikubaliane, la sivyo handaki halifunguki. Fundi mwenye haraka huwasha kila kitu, handaki linafunguka, patro anafurahi, kumbe ruta zimepatana kwa 3DES. Afadhali usasishe programu ya ile ya zamani, au uibadilishe.

Halafu kuna neno la siri ambalo ruta hutambuliana kwalo. Likiwa jina la duka na mwaka, mwizi hana haja ya kuigusa AES, atakisia neno. Weka herufi na namba 20 au zaidi zisizo na maana, na usizitume kwa imeili. Piga simu, usome moja moja, mwenzako arudie.