Zaburi ya 91 si hirizi ya baharini

Bandarini Malindi, Unguja, hasa miezi ya kusi, Wakristo tunaovuka kwenda Pemba tunapanda boti na Zaburi ya 91, ile inayoahidi kwamba malaika watakulinda, na dhana kadhaa juu ya ulinzi wa Mungu. Nyingine nilizibeba mwenyewe miaka mingi.

"Mwenye imani bahari haimgusi." Paulo ilimgusa. Anawaandikia Wakorintho kwamba amevunjikiwa chombo mara tatu na kukesha kilindini. Barua hiyo aliiandika kabla ya safari ya Rumi, kwa hiyo ile ajali ya Malta, akipelekwa Rumi akiwa mfungwa, ilikuwa ya nne.

"Kuvaa jaketi la kuokolea ni kutomwamini Mungu." Hii ndiyo inayonikera. Safari moja baharia alikuwa akituonyesha jaketi linavyofungwa. Dada aliyekaa ubavuni mwangu, Biblia mapajani, akaninong'oneza: "Kaka, sisi tumeshafunikwa na damu ya Yesu." Nikamuuliza, "Nyumbani usiku mlango hufungi?" Akacheka, lakini kule kwa baharia hakuangalia.

Soma Matendo 27, habari ya ajali hiyo ya Malta. Malaika ameshamwahidi Paulo kwamba hapotei mtu. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo alimwambia akida, mkuu wa askari, kwamba hao wasipobaki chomboni, wengine hawataokoka. Akawasihi watu wale chakula, maana walikuwa na siku 14 bila kula. Kisha ngano ikamwagwa baharini chombo kiwe chepesi. Wanaojua kuogelea wakatangulia, waliobaki wakashika mbao. Watu 276 wakafika nchi kavu, wengine wametapika maji ya chumvi njia nzima, nadhani.

Na tangu mwanzo Paulo aliwaonya wasiondoke, msimu wa kusafiri ulikwisha. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye chombo. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Kuna waliookoka kwa kung'ang'ania magodoro. Ukiona chombo kimejaa hadi ngazini ukarudi nyumbani, usiungame kwa mchungaji kama umetenda dhambi.

Hiyo Zaburi ya 91 yenyewe, aliyeinukuu ili mtu ajirushe kutoka kinara cha hekalu ni Ibilisi. Yesu akakataa kumjaribu Mungu.

"Waliokufa walipungukiwa imani." Matendo 12: Herode anamuua Yakobo kwa upanga, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Sura moja, kanisa moja. Luka, mwandishi wa Matendo, hatoi sababu. Nasi tukienda matangani tusiitunge.

"Mungu hulinda walio wake tu." Malaika alimwambia Paulo amepewa wote wanaosafiri naye: askari, wafungwa, mabaharia wenye miungu yao. Kwenye boti ya Pemba Wakristo huwa tunahesabika kwa vidole. Nikiomba, namwombea nahodha, naiombea na mashine, na yule bibi wa mbele anayevuta tasbihi, ambaye bila shaka naye ananiombea mimi.

Siku ile tulipoingia mkondoni boti ikaanza kuruka, vikapu vikabiringika, mifuko ya kutapikia ikagawiwa. Yule dada alifunga Biblia, akanishika mkono.

"Kaka, ile kamba alisema inapita wapi?"