Ukoko mweusi una nini? Kemia ya kaboni jikoni kwako

Wali ukiusahau jikoni, chini unaukuta ukoko wa aina mbili. Ule wa kahawia watoto wataugombania. Ule mweusi tii, ulioganda kwenye sufuria, hautaki mtu. Weusi huo ni kaboni, na haukutoka kwenye moto. Ulikuwamo ndani ya mchele tangu dukani.

Wanga, kama sukari, ni kaboni iliyoshikana na hidrojeni na oksijeni. Weka kijiko cha sukari kwenye kikaango kikuukuu uone: itayeyuka, itageuka kahawia, itafuka moshi, mwisho utabaki na kitu cheusi, chepesi, kama mkaa. Molekuli moja ya sukari ina atomu 12 za kaboni, 22 za hidrojeni na 11 za oksijeni. Hizo hidrojeni na oksijeni zinatosha molekuli 11 za maji kamili, na sehemu kubwa huondoka hivyo, kama mvuke. Wachoma mkaa wa Pwani na Morogoro, wanaoilisha Dar es Salaam, wanafanya kemia hiyohiyo kwa magogo. Tanuri hufukiwa udongo kwa makusudi. Hewa ikipenya nyingi, wanavuna majivu.

Kwa nini kaboni imo kila mahali? Atomu yake ina mikono minne ya kushikana na wengine, na haichoki kushikana na kaboni wenzake: mnyororo mrefu, wenye matawi, hata duara. Mafuta ya kupikia, protini ya dagaa, ndoo ya plastiki, vinasaba vyako, vyote vimejengwa hivyo. Mtu wa kilo 60 amebeba karibu kilo 11 za kaboni. Zamani wanakemia wengi waliamini kwamba vitu vya namna hii hutengenezwa na viumbe hai peke yao, mpaka mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alipopata urea, ile ya kwenye mkojo, kutokana na chumvi ya maabara.

Hesabu ya kaboni ina maana hata kwenye usalama. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, ni methani kwa sehemu kubwa: kaboni moja, hidrojeni nne. Ni nyepesi kuliko hewa, hupaa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, zenye kaboni tatu na nne. Hizo ni nzito, zikivuja hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu (imeongezwa makusudi, gesi yenyewe hainuki), fungua milango na usiguse swichi.

Ninaloliogopa zaidi ni jiko la mkaa ndani ya chumba, hasa masika, mvua inapowafukuza watu uani. Hewa ikiwa haba, kaboni hupata oksijeni moja badala ya mbili, na gesi inayozaliwa, monoksidi ya kaboni, hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haina rangi wala harufu. Wengi husema mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu usio na moshi, unaweza kuuingiza ndani. Si kweli hata kidogo, maana moshi ndio uliokuwa unakushtua. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikafuata, msikimbilie kudhani ni malaria. Mtoeni mtu nje kwenye hewa kwanza, kisha mpelekeni hospitali, na mkifika mseme kulikuwa na jiko chumbani.